Nani Mwenye Historia ya Kundi? Dokumentari, Mahakama na Kumbukumbu za Lynyrd Skynyrd

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna historia ya Lynyrd Skynyrd, kundi la muziki wa roki lililoanzia Jacksonville, Florida, ilivyosimuliwa katika filamu, na namna haki ya kuisimulia ilivyogombaniwa mahakamani. Msingi wa uchunguzi ni dokumentari ya Stephen Kijak ya mwaka 2018, ambayo inasomwa sambamba na shauri lililoamuliwa na mahakama ya rufaa mjini New York mwaka huohuo. Hoja inayotolewa ni kwamba dokumentari ya aina hii ni chanzo cha historia chenye mwenyewe, na kwamba mtafiti asiyeuliza ni nani aliyefungua kabati la nyaraka hawezi kujua kwa nini baadhi ya mambo yamo na mengine hayamo.

Filamu mbili, mwaka mmoja

Mnamo Machi 2018, dokumentari, yaani filamu ya hali halisi, iitwayo If I Leave Here Tomorrow: A Film About Lynyrd Skynyrd ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la South by Southwest mjini Austin, Texas. Mwongozaji wake, Stephen Kijak, hakuwa mgeni katika uwanja huo. Alikwishatengeneza filamu kuhusu mwimbaji Scott Walker, na nyingine kuhusu kundi la Rolling Stones lilipokuwa likirekodi albamu yake nchini Ufaransa. Miezi saba baadaye, tarehe 10 Oktoba, Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya Mzunguko wa Pili, ambayo makao yake ni New York, ilitengua zuio lililokuwa limekataza kutolewa kwa filamu nyingine kuhusu kundi hilohilo. Filamu hiyo haikuwa dokumentari bali mchezo wa kuigiza, uliojengwa juu ya kumbukumbu za mpiga drams Artimus Pyle, mmoja wa manusura wa ajali ya ndege iliyolivunja kundi mwaka 1977.

Wahakiki wa muziki waliijadili filamu ya kwanza, na wanasheria wakaijadili ya pili. Mijadala hiyo miwili haikukutanishwa mara nyingi, ingawa swali lililo chini yake ni moja: mambo waliyoyapitia watu kadhaa kwa pamoja yanapogeuka kuwa mali, nani anabaki na ruhusa ya kuyasema? Swali hili linamgusa mwanahistoria anayetumia filamu kama ushahidi. Linamgusa pia mshauri wa sera anayeombwa maoni kuhusu hakimiliki na hifadhi za sauti na picha, kwa kuwa sheria katika eneo hili huandikwa kwa kuwafikiria wafanyabiashara, na mtu anayetaka tu kukumbuka hafikiriwi.

Kutoka Jacksonville

Kundi lilianza mwaka 1964 upande wa magharibi wa Jacksonville, mji wa bandari kaskazini mwa Florida. Waanzilishi walikuwa watano: mwimbaji Ronnie Van Zant, wapiga gitaa Gary Rossington na Allen Collins, mpiga drams Bob Burns na mpiga besi Larry Junstrom. Walipitia majina kadhaa kabla ya kutulia kwenye jina la dhihaka lililotokana na Leonard Skinner, mwalimu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akiwaandama wanafunzi wenye nywele ndefu. Vijana walibadilisha irabu za jina lake na kulitundika kwenye mabango. Skinner mwenyewe alikuja kupatana nao baadaye, naye alifariki mwaka 2010 akiwa pengine mwalimu wa michezo anayejulikana zaidi katika historia ya roki.

Kisa hicho husimuliwa kila mahali kwa kicheko, na kinastahili kicheko. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba shule yenyewe iliitwa Robert E. Lee, kwa heshima ya jenerali aliyeongoza jeshi la majimbo ya Kusini yaliyojitenga mwaka 1861 ili kuulinda utumwa. Iliendelea kuitwa hivyo hadi mwaka 2021, ilipopewa jina la Riverside. Tarehe 27 Agosti 1960, miaka minne tu kabla ya kundi kuundwa, vijana Weusi wa Jacksonville waliokuwa wakiketi kwa amani kwenye meza za mikahawa iliyowabagua walishambuliwa na umati wa Wazungu waliobeba mipini ya mashoka. Haya hayatajwi hapa ili kuwatwika watoto watano wenye magitaa dhambi ya mji mzima. Yanatajwa kwa sababu dokumentari za muziki zina desturi ya kuanza na gitaa la kwanza na chumba cha mazoezi, huku mji ukibaki pazia la nyuma. Kwa mwanahistoria, mji ndio unaotangulia.

Chumba cha mazoezi cha kundi hili kilikuwa kibanda kando ya maji karibu na Green Cove Springs. Joto lake lilikuwa kali kiasi kwamba wenyewe walikiita nyumba ya jehanamu. Humo walifanya kazi kwa saa za mfanyakazi wa kiwanda. Nidhamu hiyo, iliyosimamiwa na Van Zant kwa maneno na wakati mwingine kwa ngumi, ndiyo iliyozaa mpangilio wa magitaa matatu usioachia nafasi ya kubuni ovyo jukwaani. Filamu ya Kijak inapata nguvu inapokaa kwenye miaka hii, kwa kuwa Rossington, aliyekuwa mwanzilishi pekee aliyebaki ndani ya kundi wakati huo, anazungumza bila haraka kama mtu anayewataja ndugu zake.

Kati ya mwaka 1971 na 1972 walirekodi nyimbo huko Muscle Shoals, Alabama, chini ya Jimmy Johnson, mpiga gitaa wa studio. Rekodi hizo zilikaa hadi mwaka 1978 ndipo zikatolewa kama albamu. Johnson na wenzake, Wazungu wa mashambani, walikuwa wamewapigia muziki Aretha Franklin na Wilson Pickett katika miaka ambayo sheria na desturi za jimbo hilo zilitaka rangi hizo mbili zisikae pamoja. Kwa hiyo roki ya Kusini, ambayo mara nyingi huhesabiwa kuwa muziki wa Wazungu, ilipita katika chumba kilichojengwa na sauti za Weusi kabla ya kuuzwa kwa jina lake yenyewe. Allman Brothers Band, lililoundwa Jacksonville hukohuko mwaka 1969, lilikuwa na mpiga drams Mweusi, Jaimoe, tangu mwanzo.

Wimbo na bendera

Mwaka 1972 mtayarishaji Al Kooper aliwakuta Atlanta. Albamu ya kwanza ilitoka mwaka 1973 kupitia kampuni ya MCA, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa wakifungua maonesho ya kundi la The Who. Mwaka uliofuata ulikuja wimbo "Sweet Home Alabama", uliofika nafasi ya 8 katika orodha ya Billboard. Ulitungwa kujibu nyimbo mbili za Neil Young zilizowashutumu watu wa Kusini kwa ubaguzi. Watunzi wake walikuwa Ed King, Rossington na Van Zant. King alitoka California, wengine wawili Florida, na studio ilikuwa Georgia. Kati ya watatu hao hakuna aliyezaliwa Alabama.

Gavana wa Alabama wakati huo alikuwa George Wallace, ambaye alipoapishwa mwaka 1963 aliahidi hadharani kuudumisha ubaguzi wa rangi. Wimbo unamgusa gavana kwa namna ambayo imebishaniwa kwa zaidi ya miaka arobaini. Wapo wanaosikia sifa. Wapo wanaosikiliza waitikiaji na kutambua kwamba mara tu baada ya gavana kutajwa panapigwa mzomeo, na wanakundi wameushikilia mzomeo huo kama utetezi wao. Mabishano hayo hayawezi kumalizwa kwa kuusikiliza wimbo peke yake, kwani waliotunga waliacha mlango wazi, na kampuni haikuwa na sababu ya kuufunga wakati wasikilizaji wa pande zote walikuwa wakinunua.

Kuna shahidi anayestahili kusikilizwa zaidi kuliko anavyosikilizwa. Miongoni mwa waitikiaji walikuwamo Merry Clayton na Clydie King, waimbaji Weusi waliokodiwa kwa kazi ya siku. Ushuhuda wa Clayton umo katika 20 Feet from Stardom, dokumentari ya mwaka 2013 ya Morgan Neville kuhusu waitikiaji, isiyolihusu kundi hili. Anaeleza kwamba hakutaka kuimba jina la Alabama, kisha akaimba. Mtafiti anayetafuta historia ya wimbo kwenye filamu za kundi lenyewe hataanza na sauti hiyo, ingawa imo ndani ya rekodi inayopigwa duniani kote.

Upande wa Young nao haukuwa wa uadui kama ulivyotangazwa. Van Zant alipanda jukwaani akiwa amevaa fulana ya Young, na katika kitabu chake cha mwaka 2012 Young alikiri kwamba wimbo wake mwenyewe kuhusu Alabama ulistahili kujibiwa. Tena, kundi lilelile liliimba dhidi ya bastola za bei rahisi katika "Saturday Night Special" ya mwaka 1975, na katika "The Ballad of Curtis Loew" likamsifu mzee Mweusi mpiga bluzi. Siasa zake hazikuwa na mstari mmoja ulionyooka.

Bendera ndiyo iliyonyoosha mstari huo. Kwa masimulizi ya wanakundi, bendera ya majimbo yaliyojitenga ilianza kutundikwa nyuma ya jukwaa kwa ushauri wa kampuni ya kurekodi, iliyotaka alama ya kulitofautisha kundi sokoni. Hata ikikubalika kwamba ilianza kama tangazo la biashara, tangazo lilidumu kuliko mtangazaji. Mnamo Septemba 2012 Rossington alieleza katika mahojiano ya televisheni kwamba kundi linaachana nayo kwa kuwa makundi ya chuki yameiteka. Mashabiki walikasirika, na katika siku chache msimamo ukalegezwa. Siku hizo chache ni sehemu muhimu ya historia ya kundi. Zinaonesha kwamba kufikia hapo mmiliki wa alama hakuwa tena kundi wala kampuni.

Ajali ya tarehe 20 Oktoba 1977

Albamu ya tano ya studio, Street Survivors, ilitoka tarehe 17 Oktoba 1977, ikiwa na picha ya wanakundi wakizungukwa na miali ya moto. Siku tatu baadaye, ndege ya kukodi aina ya Convair CV-240 iliyokuwa ikiwatoa Greenville, South Carolina, kuelekea Baton Rouge, Louisiana, ilianguka msituni karibu na Gillsburg, Mississippi. Walikufa sita: Van Zant, mpiga gitaa Steve Gaines, dada yake Cassie Gaines aliyekuwa mwitikiaji, msaidizi wa meneja wa safari Dean Kilpatrick, na marubani wawili. Waliosalia walikuwa ishirini, wengi wao wakiwa na majeraha makubwa. Kampuni iliiondoa picha ya moto kwenye jalada.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilihitimisha kwamba ndege iliishiwa mafuta kwa sababu marubani hawakuzingatia kiasi kilichobaki. Maandalizi duni ya safari yalichangia, na injini ya kulia ilikuwa na hitilafu iliyoifanya itumie mafuta kuliko kawaida. Ripoti hiyo ni kavu kama ripoti zote za aina yake. Masimulizi ya manusura hayako hivyo, nayo yanapishana. Pyle, akiwa na mbavu zilizovunjika, alitembea kupita kinamasi na uwanja wa ng'ombe kutafuta msaada, akafika kwenye nyumba ya mkulima. Kwa miaka mingi amesema kwamba alipigwa risasi na mkulima huyo, aliyedhani amevamiwa. Mkulima alisema alifyatua hewani tu. Hakuna atakayelimaliza jambo hilo sasa. Kwa mwanahistoria wa masimulizi ya mdomo, hata hivyo, hakuna sababu ya kulimaliza. Giza, damu na hofu ya watu wawili wasiojuana zimeacha kumbukumbu mbili, na zote mbili ni ushahidi wa usiku uleule.

Kiapo, amri na zuio

Baada ya mazishi, manusura na mjane wa Van Zant waliwekeana ahadi, ambayo nyaraka za mahakama zinaiita kiapo cha damu, kwamba jina la Lynyrd Skynyrd halitatumika tena jukwaani. Ahadi ilidumu miaka kumi. Mwaka 1987 manusura walirudi barabarani kwa ziara ya kumbukumbu, mdogo wake Van Zant, Johnny, akiimba mahali pa kaka yake. Mjane alifungua shauri. Mwaka 1988 pande zote zilifikia maridhiano yaliyotiwa muhuri wa mahakama, na kwa njia hiyo ahadi ya waombolezaji ikageuka kuwa waraka wa kibiashara wenye vifungu.

Vifungu hivyo vilieleza nani anaweza kulitumia jina la kundi, na kwa masharti gani. Viligusa pia usimulizi. Kila aliyehusika aliruhusiwa kuyatumia maisha yake mwenyewe katika filamu au kitabu, pamoja na kulitaja kundi humo. Papo hapo vilikataza filamu inayojidai kuwa historia ya kundi bila idhini. Aliyeandika maneno hayo alidhani, bila shaka kwa nia njema, kwamba maisha ya mtu na historia ya kundi lake ni vitu viwili vinavyoweza kutenganishwa kwa wino.

Kosa la dhana hiyo lilichukua karibu miaka thelathini kujitokeza. Pyle aliondoka katika kundi mwaka 1991. Mwaka 2016 alikubaliana na kampuni ya Cleopatra ya Los Angeles kutengeneza filamu kuhusu ajali. Rossington, Johnny Van Zant na warithi wa marehemu walikwenda mahakamani. Mnamo Agosti 2017 Jaji Robert Sweet wa mahakama ya wilaya ya shirikisho mjini New York alitoa zuio la kudumu. Cleopatra haikuwa imetia saini maridhiano ya mwaka 1988, lakini ilihesabiwa kuwa imeshirikiana na mtu aliyefungwa nayo huku ikiyajua.

Mahakama ya rufaa ililitengua zuio. Majaji walitambua kwamba shauri lilitokana na mkataba wa watu binafsi na halikuwa la serikali kumziba mtu mdomo, ingawa waliona kuwa suala la uhuru wa kusema lilikuwamo. Kiini cha uamuzi kilikuwa rahisi: ajali ni sehemu ya historia ya kundi, na ni tukio la maisha ya Pyle vilevile, huenda kubwa kuliko yote aliyoyapitia akiwa humo. Waraka unaomruhusu kusimulia la pili huku ukimkataza la kwanza unajipinga, na hauwezi kubeba uzito wa zuio. Filamu ilitolewa mwaka 2020.

Hukumu hiyo haikusema kwamba mkataba hauwezi kamwe kufunga kinywa cha shahidi. Ilisema kwamba mkataba huu ulikuwa umeandikwa vibaya. Wanasheria makini zaidi wanaweza kuandika mwingine ulio bora, na ndilo jambo linalopaswa kuwatia wasiwasi watunga sera. Mkataba unaodhibiti jina na nembo unalinda maslahi halali: mjane ana haki ya kuona kwamba jina la mumewe haliuzwi na kila mpita njia. Mkataba unaodhibiti kumbukumbu ni kitu kingine, na hauna budi kuandikwa kando, uwe na kikomo cha muda, na usiwabane wanahistoria ambao hawakuwa mezani.

Chanzo chenye mwenyewe

Dokumentari ya kundi la muziki haiwezi kutengenezwa bila muziki, na muziki una wenyewe. Picha za jukwaani, kanda za nyumbani na mahojiano ya redio navyo vina wenyewe. Anayetoa ruhusa ya kuvitumia si lazima aamuru nini kisemwe. Anaweza kukaa kimya tu, na mwongozaji anajua kwamba filamu bila nyimbo ni mazishi bila maiti. Kwa sababu hiyo, filamu ya Kijak na filamu ya Pyle hazipaswi kulinganishwa kwa kuuliza ipi ni ya kweli. Ya kwanza ina utajiri wa picha, sauti na ukaribu wa waliofungua milango yao, na uzito wake mkubwa uko katika miaka ya kabla ya ajali. Ya pili ina shahidi mmoja na waigizaji. Kila moja imeumbwa na kile ilichoruhusiwa kukishika.

Inafaa pia kuangalia ni nyaraka zipi katika historia nzima ya Lynyrd Skynyrd ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma, kuzinakili na kuzinukuu bila kumwomba mtu ruhusa. Ripoti ya uchunguzi wa ajali ni moja, kwa kuwa kazi za maofisa wa serikali ya shirikisho ya Marekani hazina hakimiliki. Hukumu za mahakama ni nyingine. Kwa hiyo mwanafunzi asiye na fedha, aliye mbali na Florida, anaweza kusoma kwa kina namna kundi lilivyoanguka kutoka angani na namna lilivyogombana mahakamani. Mazoezi ya kibandani, ambayo ndiyo yaliyolifanya kundi liwe na maana kwa mtu yeyote, yamo mikononi mwa wenye hisa.

Mahojiano ya dokumentari yanaongeza tatizo jingine. Katika saa nyingi zinazorekodiwa, hadhira huona dakika chache. Ed King, aliyetunga mapigo ya gitaa yanayofungua "Sweet Home Alabama", alifariki Agosti 2018, miezi michache baada ya filamu ya Kijak kuoneshwa Austin. Bob Burns alikuwa amefariki mwaka 2015, Junstrom akafuata mwaka 2019, na Rossington mnamo Machi 2023. Waanzilishi wote watano sasa hawapo. Kwa mtafiti, kanda ambazo hazikutumika zina thamani kuliko filamu yenyewe, lakini hakuna sheria inayomlazimu mtayarishaji kuziweka mahali pa kusomwa. Masharti ya kuhifadhi nakala za mahojiano ghafi katika maktaba ya umma, hata kama yatafunguliwa baada ya miaka mingi, yangeweza kuambatanishwa na ruzuku au nafuu ya kodi ambayo serikali nyingi tayari huwapa watengenezaji wa filamu.

Huko Gillsburg, watu wa maeneo hayo, wakiwamo waliowabeba majeruhi gizani mwaka 1977, walisimamisha mnara wa mawe karibu na mahali pa ajali. Ulizinduliwa Oktoba 2019, miaka 42 baada ya ndege kuanguka, wakati filamu ya Pyle ilikuwa bado haijatolewa.